Kumpeleka mama kwenye zoo ya zamani ya Bruxelles: kuna nini cha kuona?

Mwana-Kamalondo (Lubumbashi)

Yambo kwenu wote, hasa ninyi mnaokaa Bruxelles.

Mwezi wa nne, Mungu akipenda, nasafiri na mama yangu kwenda kumtembelea dada yangu mdogo anayeishi Ixelles. Viza zimetoka, tiketi zimelipwa. Mama ana miaka 72. Hajawahi kuvuka mpaka isipokuwa zamani, alipokuwa akienda Kitwe na Ndola kuuza vitenge. Goti la kulia linamsumbua, anatembea taratibu na fimbo, na ngazi nyingi haziwezi.

Nilipomuuliza anataka kuona nini huko Bulaya, hakutaja majumba wala maduka. Alisema, "Munipeleke kwenye zoo yao." Babu yetu, marehemu, alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji. Siku moja aliwavalisha watoto wake nguo za misa akawapeleka kuona wanyama hapa mjini. Mama alimwona simba nyuma ya vyuma, akajificha ndani ya koti la baba yake, na harufu ya lile koti anaikumbuka hadi leo. Sasa anasema anataka kuona kwao wale waliotuletea mambo ya kumfungia simba ndani ya nyumba.

Dada anasema kwa miguu, karibu na kwake, kuna Parc Léopold, ambayo karne ya 19 ilikuwa bustani ya wanyama na leo ni bustani ya watu wote. Lakini mnyama hata mmoja hakuna! Ninaogopa kumchosha mzee kwa kumpeleka kutazama nyasi.

Naomba mnisaidie. Kuna kitu gani pale? Kuingia ni pesa? Njia ni ya mlima? Na je, inafaa kwa mtu kama mama?

---

Jembe la Ruashi (Antwerpen)

Ndugu, kama mama anataka wanyama mlete huku kwetu. Panda treni mpaka Antwerpen-Centraal. Ukitoka tu kituoni, mlango wa zoo uko pembeni. Ni ya tangu 1843. Na kuna jambo linalotuhusu: okapi wa kwanza kuonekana Ulaya akiwa hai aliletwa hapa mwaka 1919, kutoka misitu yetu ya kaskazini. Okapi wapo hadi leo. Mama atamwona mnyama wa kwao ambaye sisi Wakatanga wengi tunamjua kwa picha tu.

Parc Léopold ni ndogo. Wafanyakazi wa Bunge la Ulaya wanakula mikate yao pale saa sita. Mimi singempeleka mzee kwa ajili hiyo.

---

Mama Kabibi (Bruxelles, mzaliwa wa komini ya Kenya, Lubumbashi)

Mwanangu Kamalondo, yambo, na msalimie sana mama. Jembe amekuambia kweli kuhusu okapi, nendeni mkiwa na siku nzima. Ila Parc Léopold usiiache. Niruhusu niandike kwa urefu, maana nimekaa mji huu miaka 23, nafanya kazi ya kutunza wazee, na bustani hiyo naijua kwa mwendo wa wazee.

Kwanza goti. Bustani iko kwenye bonde la kijito cha Maelbeek, kwa hiyo chini ni tambarare na juu ni mlima. Msiingilie juu, upande wa Bunge. Ingieni chini, upande wa Place Jourdan. Hatua chache tu na mko kwenye bwawa, na viti vya mbao vipo. Kuingia ni bure. Mama akae hapo kwanza, asiharakishwe. Bata bukini watamfuata wakidhani ana mkate. Wale wa rangi ya kahawia wenye doa la kahawia iliyokolea kuzunguka jicho asili yao ni Afrika, wanaitwa bata bukini wa Misri, na hapa wamezaliana mpaka wamekuwa wenyeji.

Akiinua macho atawasikia kasuku. Wa kijani, mkia mrefu, kelele nyingi. Watu hudhani wametoroka nyumbani kwa mtu, lakini kisa chao kinajulikana. Kulikuwa na bustani ya burudani ya Meli, kule Heysel karibu na Atomium. Mwaka 1974 mkurugenzi wake aliwafungulia kasuku kama arobaini ili mji wa Bruxelles upate rangi. Bustani yenyewe ilikuja kufungwa, ikabomolewa. Kasuku wakabaki, leo ni maelfu, wanapita juu ya paa zetu jioni kama watoto waliotoka shule. Mimi mchana wa baridi, nikiwa nimechoka, nikiwasikia tu moyo unapata nguvu.

Sasa hiyo zoo yenyewe. Ilifunguliwa mwaka 1851, na haikutimiza miaka 30. Pesa ziliisha, wanyama hawakutunzwa vizuri, jiji likainunua ardhi. Tajiri Ernest Solvay akajenga humo vyuo vya utafiti. Ukipanda kidogo utaona maktaba inayobeba jina lake, nyumba ya mwaka 1902, nzuri mno ndani. Katika chuo kimojawapo ndipo wanafizikia 29 walikutana mwaka 1927, Einstein akiwepo na Marie Curie akiwa mwanamke peke yake kati yao, wakapiga ile picha inayowekwa kwenye vitabu vya shule. Mwambie mama jambo hili, kwa kuwa baba yake alikuwa mtu wa Union Minière: miaka ileile radiamu ya dunia, ile aliyoigundua Marie Curie na mumewe, ilikuwa inatoka kwa wingi kwenye mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwamba ni wa kwetu, na waliokuwa wakiuchimba hawakuwemo kwenye picha yoyote.

Nimeandika haya yote lakini bado sijasema kwa nini nataka muende.

Mwaka 2012 nilimleta baba yangu hapa kwa miezi miwili. Baba alikuwa mlishaji wa wanyama kwenye bustani moja huko nyumbani, mahali sitaji. Miaka ya 1990 mishahara ilikatika. Baba aliendelea kwenda kazini kila asubuhi, kwa sababu, alivyosema, simba hajui kusoma barua ya serikali. Alikuwa akipita sokoni kuomba mifupa kwa wachinjaji. Nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, na mama yangu aliumia sana kuona mifupa inapita mlangoni kwenda kwa mnyama. Mwishowe wale wanyama walikufa mmoja baada ya mwingine, na wengine waliliwa na watu wenye njaa. Baba hakuwahi kuwalaumu waliokula. Ila hakutaka tena kusikia neno zoo.

Sikumwambia kwamba Parc Léopold ilikuwa zoo. Tulikaa tu pale bwawani, nikamwachia kikombe cha chai, nikaenda kuzungumza na simu. Niliporudi alikuwa amesimama, anatazama ardhi, anasukuma majani kwa fimbo. Akaniuliza, "Hapa walikuwa wanafuga nini?" Kumbe kulikuwa na kibao, na Kifaransa chake kilitosha. Akawa anatafuta mifereji. Aliniambia kila kizimba lazima kiwe na mteremko na mfereji wa kuoshea, na saruji ya aina hiyo haiondoki kirahisi, hata baada ya miaka mia. Tulizunguka karibu saa nzima. Alikagua kuta, akagusa vyuma vya uzio, akachungulia mnara mdogo wa kale wa Eggevoord, ambao ni wa karne ya 15 na hauhusiani na wanyama. Hakupata hata alama moja.

Ndipo akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria kwa miaka yote niliyopita pale nikienda kazini: "Waliwapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Aliketi akanyamaza muda mrefu. Halafu, kidogo kidogo, akaanza kunisimulia wanyama wake kwa majina. Nilikuwa na miaka 41 na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia. Duma alikuwa anaitwa Kapitene. Tumbili jike aliyekuwa anaiba kofia, Sabina. Alinieleza jinsi mamba anavyoweza kukaa wiki nyingi bila chakula, na kwamba kwa sababu hiyo mamba ndiye alikuwa wa mwisho. Mwanangu, baba hajawahi kusema maneno mengi hivyo mbele yangu. Angekuwa kwenye zoo yenye simba nadhani angegeuza uso. Pale palipokuwa patupu ndipo alipopata nafasi ya kuwarudisha wa kwake.

Kwa hiyo usiogope kwamba hakuna mnyama. Mkalishe mama, mwambie hapa palikuwa na vizimba, kisha unyamaze.

Baada ya bwawa, kama goti linakubali, pandeni polepole mpaka makumbusho ya sayansi ya asili, mlango uko rue Vautier. Hapo mtalipa. Au mwende kwa gari moja kwa moja mpaka mlangoni, na ndani uliza lifti. Muone iguanodoni. Mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart, mita 322 chini ya ardhi, waligonga mifupa. Walidhani ni magogo. Ilikuwa mijusi mikubwa ya zamani, kama thelathini hivi, karibu mizima. Binti wa mtu wa mgodini atajua mita 322 ni nini. Baba aliwatazama kwa heshima, wamesimama ndani ya chumba kikubwa cha kioo, akasema hao ndio wanyama pekee waliobaki ndani ya bustani hii, na bado wamefungiwa.

Na upande mwingine, ndani ya ile iliyokuwa kliniki ya meno ya watoto, kuna Nyumba ya Historia ya Ulaya, tangu 2017, bure. Ni kubwa sana, ghorofa nyingi. Kwa mama ingetosha kuingia kupumzika na kujisaidia. Choo ni safi.

Jambo la mwisho ni zito. Najua dada yako atataka kumpeleka Tervuren, kwenye bustani na makumbusho ya Afrika nje ya Bruxelles, kila mtu hupeleka wageni huko. Msimpeleke bila kumwambia. Mwaka 1897, kwa maonyesho ya Mfalme Léopold II, Wakongo 267 waliletwa na kuwekwa katika vijiji vya kuigiza kando ya mabwawa ya ile bustani, nyuma ya uzio, watu wa Bruxelles wakaja kwa maelfu kuwatazama. Mvua na baridi ya mwaka ule iliwaua saba. Wamezikwa ubavuni mwa kanisa la Tervuren. Mwaka 1958, kwenye maonyesho ya dunia chini ya Atomium, wakaweka tena kijiji cha Wakongo, wageni wakawa wanawarushia ndizi na sarafu. Safari hiyo watu wetu walikataa, wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha.

Hiyo nayo ilikuwa zoo, sina neno lingine la kuiita. Na leo Tervuren ni bustani nzuri kuliko Parc Léopold mara kumi, miti mikubwa, maji, watoto na baiskeli. Mimi naipenda, naenda. Lakini kila ninapofika naanzia kanisani. Makumbusho yenyewe yalifungwa miaka mitano wakayafanyia ukarabati, wakafungua tena mwishoni mwa 2018, na sasa habari ya wale saba imeandikwa humo. Tramu ni 44, inaanzia Montgomery, inapita katikati ya msitu wa Soignes. Hata safari yenyewe ni tamasha la macho.

Mkifika nipigie salamu hapa hapa. Nitapika sombe.

---

Jembe la Ruashi (Antwerpen)

Mama Kabibi, aksanti. Nimekuwa nikipita Place Jourdan kila mara kula viazi vya kukaanga na sikuwahi kuvuka barabara kuingia. Nafuta ushauri wangu.

---

Yaya Mado (Lubumbashi)

Kaka Kamalondo, mimi niko hapa mjini na naomba kuongeza moja. Kabla hamjapanda ndege, mpeleke mama kwanza zoo yetu ya hapa Lubumbashi. Wengi wa umri wake waliacha kwenda miaka ya 1990, ilipokuwa magofu, na mpaka leo wanadhani imekufa. Ilifufuliwa miaka ya 2000. Miti imetunzwa, Jumapili ni watoto kila mahali, na dada yangu mkubwa alipigia picha zake za harusi pale, kwenye kivuli.

Na ukitaka kumjibu lile swali la babake Mama Kabibi, wanyama wanapelekwa wapi, basi hapa Lubumbashi tunao J.A.C.K., kituo kinachookoa sokwe watoto mikononi mwa walanguzi tangu 2006. Sokwe akiwa kidogo anauzwa. Ili wampate mtoto, wanamuua mama yake na jamaa zake wanaomtetea. Mwaka 2022 watu waliingia usiku wakaiba watoto watatu wakidai fidia. Nililia siku ile kama nimeibiwa mimi. Mimi nafundisha darasa la tano, na kila mwaka nawaambia watoto: mkiona sokwe mdogo amefungwa kamba sokoni au kwenye nyumba ya mkubwa fulani, msimchekee, semeni.

Zoo nenda siku ya kazi asubuhi, siyo Jumapili, ili mama apate kiti.

---

Mwana-Kamalondo (Lubumbashi)

Mama Kabibi, nimekusoma mara mbili, mara ya pili nikimsomea mama kwa sauti. Nilipofika kwenye Kapitene na Sabina aliniambia nisimame kidogo. Yaya Mado, tumeenda Jumanne. Alizunguka polepole, akanionyesha mahali anapofikiri alisimama na koti la babu. Hana hakika, miti imekua.

---

Mwana-Kamalondo (sasa Ixelles)

Yambo tena. Tumefika salama, baridi ni kali ingawa wanasema ni majira ya maua.

Jana tulienda Parc Léopold, tukaingilia chini kama mlivyosema. Mama alikaa kwenye kiti cha mbao cha pili kutoka mlangoni, blanketi magotini. Nilimwambia palikuwa na vizimba hapa, nikanyamaza kama ulivyoniagiza, Mama Kabibi. Ilikuwa vigumu, mimi ni mtu wa maneno.

Alitazama wale vijana wenye suti wamelala kwenye nyasi, viatu wamevua. Kasuku wakapita. Baada ya muda aliniambia kitu ambacho hakuwahi kunisimulia. Siku ile ya koti, simba hakuunguruma. Alikuwa anakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na babu alimtazama muda mrefu sana, kisha akasema kwa Kibemba, "Huyu naye yuko kambini." Walikuwa wanaishi kambi ya wafanyakazi, na kengele ya kampuni ndiyo iliyokuwa ikiwaamsha. Mama alikuwa mtoto, hakuelewa, alidhani babu anamaanisha kwamba simba anakaa jirani na kwao. Wiki nzima aliogopa kwenda kuchota maji.

Alicheka alipokuwa ananisimulia, kisha akaomba kitambaa.

Iguanodoni tuliwaona kwa gari na lifti. Aliuliza kama wale wachimbaji wa Bernissart walipewa chochote. Mlinzi wa makumbusho, mama mmoja wa Morocco, alimletea kiti bila kuombwa. Nyumba ya Historia hatukuingia isipokuwa choo, na ni safi kweli.

Tumemwambia habari ya Tervuren jana usiku, mezani, dada na mimi pamoja. Alisikiliza yote. Akauliza walikuwa na umri gani, na kama kuna mtu wa kwao aliyewahi kuja kuwaona. Anataka kwenda Jumamosi. Ameniagiza ninunue maua saba, moja moja, yasifungwe pamoja. Hapa Ixelles bei ni kali. Mama Kabibi, unajua mahali?

---

Mama Kabibi (Bruxelles)

Usinunue Ixelles. Jumamosi asubuhi nitapita sokoni na kuja nayo, na hakuna mtu atakayeniuliza bei. Niko huru mpaka saa tisa. Tukutane Montgomery saa nne kamili. Tramu 44 iko chini ya ardhi, kwa hiyo msisubiri barabarani, tafuteni lifti. Mama avae soksi mbili. Pale ubavuni mwa kanisa upepo unapita.